Ruhusa ya Kusema Turudi

Mashine ya kukoboa mpunga ikizimwa jioni, mtaa wetu wa Katindiuka hunyamaza ghafla, lakini vumbi la pumba huendelea kushuka taratibu juu ya magunia, juu ya mkanda, juu ya nywele za watu. Hiyo ndiyo saa tuliyokubaliana kukutana, mimi na mwenzangu, kwa sababu wateja wanakuwa wameondoka na mizani ya magunia haina kazi. Tuliipandisha mikoba yetu mmoja baada ya mwingine. Wa kwake ulikuwa na kilo 11. Wa kwangu ulikuwa na kilo 17.

"Kaka, naomba niufungue," alisema.

Nikamruhusu. Alitandika gunia tupu sakafuni, akachuchumaa, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga kama muuza mitumba anayefungua robota: sufuria mbili, tochi mbili, blanketi, koti la mvua, viberiti nilivyovitia ndani ya kopo la plastiki, dagaa, chumvi, mchele. Mchele aliupima kwanza kwa kiganja, kisha akaurudisha mizani. Kilo 5. "Tulisema kilo 2," akasema bila kuniangalia. Ni kweli tulisema hivyo. Lakini mtu wa Ifakara kutoka nyumbani kwake na mchele wa kupimapima ni jambo linalouma, na mimi ndiye mwenye mashine. Alimimina kilo 3 kwenye ndoo, akaweka sufuria moja kando, akaniachia tochi zote mbili. Mkoba ukarudi mizani: kilo 13.

Halafu akajifuta pumba mikononi, akauliza, "Na ule ukurasa wa pili, kaka, umeshauandika?"

Tunapanga kupanda Mwanihana, mojawapo ya vilele vikubwa vya Udzungwa. Kilele kirefu kuliko vyote ni Luhombero, mita 2,576, kilicho mbali zaidi ndani ya milima. Mwanihana kinapita mita 2,000 na kinatazama bonde letu moja kwa moja. Njia yake, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 38, siku tatu na usiku mara mbili msituni. Kwa anayehesabu milima kwa urefu, hizo si namba za kutisha. Kilimanjaro ni mita 5,895. Ila anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanzia lango lililo juu ya mita 1,800, na sisi huanzia bondeni, kwenye joto la mashamba ya mpunga na miwa, mita mia tatu hivi juu ya bahari. Karibu urefu wote wa Mwanihana unapandwa kwa miguu, na karibu wote uko chini ya miti. Ndiyo sifa ya Udzungwa ambayo milima mingi ya Afrika imeshaipoteza: msitu mmoja usiokatika tangu bondeni mpaka mgongoni mwa mlima. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa huko mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, na bado wataalamu wanakuta humo wanyama ambao sayansi haikuwajua. Mfano ni mbega wa Sanje. Hapana, mwenzangu hunisahihisha kila mara: si mbega, ni nyani wa aina yake, wa kwetu peke yetu, na wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa watu wa Sanje walikuwa wakimsikia tangu enzi za babu zao.

Mwenzangu ni mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Mang'ula, na ni mdogo kwangu kwa miaka tisa. Ananiita kaka. Namwita mdogo wangu, na mbele ya wanafunzi wake namwita mwalimu. Katika maneno hayo matatu ya kuitana mna sababu ya mimi kuandika haya.

Miaka mitatu iliyopita tulishawahi kujaribu. Mpango wetu wa kwanza ulikuwa mzuri, na bado ninao. Umeandikwa kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake ulionyooka: chakula kwa milo, uzito kwa kila mtu, nauli, ada za hifadhi, siku ya kuanza baada ya mavuno wakati mvua zimepungua na njia haitelezi sana. Tulipanga hata nani abebe kiberiti na nani abebe chumvi, ili mkoba mmoja ukiingia mtoni tusikose vyote viwili. Askari wa hifadhi alitusindikiza kama inavyotakiwa, kwa sababu msitu ule una tembo na nyati. Hatukusahau kitu.

Asubuhi ya kuondoka niliamka na homa. Nasema homa kwa sababu hakuna mtu wa Ifakara asiyejua homa ni nini. Mji huu una kituo cha utafiti kilichoanzia kwenye maabara ya Waswisi mwaka 1956, na malaria imekuwa kazi yake kubwa. Watoto wetu wamekua wakiona watafiti wakitega mbu kwenye vyumba vya kulala. Niliujua ule uzito wa magoti, niliujua ule ubaridi unaopita mgongoni jua likiwa kali. Nikameza dawa za maumivu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba tumejiandaa kwa miaka miwili, kwamba mdogo wangu ameomba ruhusa kazini, kwamba mlimani kuna baridi na homa itashuka yenyewe. Mtu anayetaka kilele hakosi sababu.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilikaa kwenye mzizi wa mti na sikuweza kusimama. Sikuwa nimeanguka wala kuumia. Miguu ilikataa tu. Mwenzangu alivaa mkoba wangu kifuani na wake mgongoni, askari akakata fimbo mbili, na tukashuka kwa mwendo ambao sipendi kuukumbuka. Usiku ule nilitetemeka ndani ya hema mpaka vigingi vikacheza. Nilipona. Wengi hawaponi, na nikifikiria saa nyingine sita tu za kupanda katika hali ile, naona jinsi nilivyokuwa tayari kumwachia mdogo wangu maiti ya kubeba.

Tulirudi na hatukulizungumza. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa kwenye matanga ya jirani, tumekaa nje na wanaume wengine tukiota moto, na mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi nilikuona tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nilijua unaumwa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akakaa kimya kidogo. "Ningekuambiaje turudi? Wewe ni kaka."

Neno lile sikuweza kulijibu siku ile. Nimelelewa, kama yeye alivyolelewa, kwamba mdogo hamwamuru mkubwa. Anaweza kudokeza. Anaweza kusema amechoka yeye, ili mkubwa apate pa kupumzikia bila aibu. Nilipokumbuka vizuri, nikaona kwamba ndivyo alivyofanya: mara tatu siku ya kwanza aliomba tupumzike, na mara tatu nilimwambia ajikaze. Alikuwa ananipa mlango na mimi nikaufunga. Heshima hiyo ni kitu kizuri. Ndiyo inayofanya tuweze kuishi watu wengi kwenye ua mmoja bila kugombana. Siitaki iondoke. Lakini mlimani, penye watu wachache na msitu, iliziba mdomo wa mtu pekee aliyekuwa ameona ukweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wapanda milima kwa swali moja: kati ya hawa wawili, nani alikuwa na ruhusa ya kumwambia mwenzake turudi?

Mwaka 1930, huko Kenya, mkulima Mwingereza aitwaye Bill Tilman alimwandikia barua mkulima mwenzake, Eric Shipton, kuomba ushauri kuhusu milima. Tilman alikuwa na miaka 32 na alishapigana Vita Kuu ya Kwanza. Shipton alikuwa kijana wa miaka 22, lakini mwaka uliotangulia alikuwa amefika Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya ambacho hakuna aliyejulikana kukifikia kabla ya hapo. Waliupanda Kilimanjaro pamoja, kisha Agosti mwaka huohuo wakapita vilele vyote viwili vya Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi, na mwaka 1932 wakaenda Rwenzori. Wapanda milima hupenda kusimulia kwamba watu hawa waliamini msafara wowote unaweza kupangwa kwa nusu saa nyuma ya bahasha. Mimi kilichonishika ni kingine. Mkubwa kwa umri, mwanajeshi mwenye nishani, alimfuata kijana, kwa sababu kwenye mwamba kijana ndiye aliyejua. Na bado walikuwa na heshima yao ya ajabu: waliitana kwa majina ya ukoo kwa miaka mingi, na Shipton alipomwomba mwenzake amwite Eric, Tilman alikataa akisema jina lenyewe la kipuuzi. Kwa hiyo inawezekana. Watu wanaweza kubaki na adabu zao na bado mdogo akaongoza.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, Mlima Kenya uleule ulipandwa kwa mpango ambao kwangu haujapata mfano. Felice Benuzzi, mfungwa wa vita Mwitaliano katika kambi ya Nanyuki, aliuona mlima huo mawingu yalipofunguka, akaamua kuupanda. Akawapata wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti ambaye hakuwa mpanda milima. Kwa miezi kadhaa walitengeneza vifaa kwa siri: mashoka ya barafu kutokana na nyundo, meno ya viatu kutokana na vyuma chakavu, kamba kutokana na katani za vitanda, chakula kilichodundulizwa kutoka kwenye sahani zao. Ramani hawakuwa nayo, hivyo walitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walitoroka Januari 1943, Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, baada ya kushindwa na Batian, na wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakajisalimisha. Mwenzangu, kama mwalimu wa jiografia, anaipenda ile ramani ya kopo. Mimi napenda kwamba kurudi kulikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza, ingawa walichokuwa wanarudia ni kifungo. Kwenye Batian walipoona mwamba umewazidi, waligeuka.

Na kuna habari ambayo bado inaniumiza. Mei 2024 Cheruiyot Kirui, Mkenya, mfanyakazi wa benki na mpanda milima hodari, alikwenda kukitafuta kilele cha Everest bila oksijeni ya mitungi. Aliambatana na Nawang Sherpa wa Nepal. Kirui alifia karibu kabisa na kilele, na Nawang hakurudi. Yaliyopita kati yao kule juu ni yao, na sina haki ya kuyahukumu nikiwa nimekaa juu ya gunia la mpunga, mita 250 tu juu ya bahari. Najua tu kwamba walikwenda wawili, na wawili wakabaki. Habari ile ilipofika, mwenzangu alikuja mashineni, tukaisoma kwenye simu yake, na hakutaja tena Mwanihana kwa wiki kadhaa.

Alipokitaja tena, alikuja na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa chakula na mizigo, kama zamani. Wa pili aliuacha mtupu, akaniambia niuandike mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nilikaa na ukurasa ule mwezi mzima.

Mwanzo wa jibu nilikuwa nao tangu utotoni, na aliyenipa ni mjomba wangu, Mndamba na mvuvi wa mto Kilombero. Kiangazi maji yakishuka alihamia kambi ya uvuvi kwa miezi, na likizo moja alinichukua. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mtumbwi wake ulikuwa wa gogo moja, mwembamba, na yeye alisimama nyuma na pondo, mimi nikakaa mbele mbele kabisa, katikati yetu nyavu na matenga ya samaki. Kazi yangu ilikuwa kutazama maji na kutaja: kisiki, gogo, kiboko, kina kifupi. Siku ya tatu niliona kisiki kikija, cheusi, kimechomoza kiasi cha kiganja. Sikusema. Mtumbwi ukakipanda, ukainama, na tenga zima la kambale wakavu likaingia mtoni.

Mjomba hakunipiga. Alituliza mtumbwi, akauliza, "Ulikiona?"

"Nilikiona, mjomba."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani na wewe umekiona."

Akanionyesha kwa pondo lake, kuanzia miguuni pake, juu ya nyavu, juu ya matenga, mpaka kwenye mgongo wangu. "Huku nyuma nakuona wewe tu," alisema. Kisha akaniambia neno ambalo lilinishangaza wakati ule, kwa sababu nyumbani mtoto hakuwa na nafasi hata ya kukatiza mazungumzo ya wakubwa: mtumbwini, aliye mbele ndiye mkubwa. Akisema kushoto, tunakwenda kushoto, kwanza tunakwenda, baadaye ndipo tunaulizana. Tukifika nchi kavu kila mtu anarudi kwenye umri wake.

Kitu cha pili kilitoka kwa mama yake mwenzangu. Mpaka mwaka 2011 wanawake wa vijiji vilivyo ukingoni mwa hifadhi waliruhusiwa kuingia msituni siku moja kwa wiki kuokota kuni, na yeye aliingia kwa miaka mingi. Akiwa anapeta mchele, nilimuuliza walikuwa wakitembeaje. Akasema aliyezidiwa na mzigo ndiye aliyetangulizwa. "Akiwa nyuma, mtajuaje ameanguka?" Akaendelea kupeta. Hakuona kama amesema jambo la kuandikwa daftarini, lakini nililiandika.

Wenye kupanda milima kwa kazi watasema haya ni ya kawaida, kwamba kila kikosi kizuri kina saa ya mwisho ya kugeuka na mtu mwenye neno la mwisho. Ni kweli. Lakini vitabu vyao haviwezi kujua kwamba kwetu mdogo akimwambia mkubwa "geuka," anavunja kitu ambacho wamekijenga tangu utoto, na kwamba hatakivunja hata kama anaona kifo, mpaka mkubwa mwenyewe amkabidhi rungu mapema, kwa maneno, nyumbani, mbele ya watu. Saa ya kugeuka bila ruhusa hiyo ni wino tu. Na ruhusa yenyewe haiombwi. Mdogo hawezi kuiomba bila kuonekana ana kiburi. Lazima itoke kwa mkubwa.

Kwa hiyo nimeandika ukurasa wa pili. Si mrefu. Kwamba kila saa tutasimama, na kila mmoja atasema mwili wake ukoje, kwa kweli, nikianza mimi. Kwamba anayeficha homa amemdhulumu mwenzake. Kwamba saa 7 mchana ya siku ya kilele, popote tulipo, tunageuka. Kwamba tangu geti la Mang'ula mpaka tutakaporudi getini, mdogo wangu ndiye aliye mbele ya mtumbwi, na akisema turudi, nageuka kwanza, maswali baadaye. Niliusoma kwa sauti uani kwetu, mke wangu akisikia, mkewe akisikia, watoto wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nilipomaliza hakusema asante wala nini. Alichukua kalamu, akaongeza mstari mmoja chini ya maneno yangu, kwamba na yeye akizidiwa atasema, hata kama kaka ana hamu ya kuendelea. Tukatia sahihi.

Kutoka uani hapo, jioni ikiwa safi, Udzungwa inaonekana upande wa kaskazini-magharibi kama ukuta. Maji yake yanatufikia kabla sisi hatujaifikia: mto Lumemo unatoka kwenye milima ile, na mvua zikizidi unaacha njia yake na kuingia mitaani, majumbani, kwenye maghala ya mpunga. Watoto wetu wameujua mlima kwa matope yake kabla ya kuujua kwa jina. Mwanangu wa mwisho ameomba tumletee jiwe la huko juu. Mwenzangu amemweleza kwamba hifadhini hakutolewi kitu, hata jiwe, na mtoto ameridhika kuletewa habari.

Tunaondoka Jumamosi kwa basi la saa 12 asubuhi. Mkoba wangu una kilo 13, tochi mbili, na kipimo cha malaria nilichokinunua duka la dawa. Anayetangulia ni yeye.